Chakula na biashara kwenye gemu za mikakati za wachezaji wengi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaounda gemu ya mikakati ya wachezaji wengi, ya kivinjari au ya simu, ambao wamefika mahali pa kuamua jeshi litakula nini na bidhaa zitasafiri vipi. Hesabu zinatumia kijiji kimoja cha kubuni, kilichoelezwa katika swali la 3. Gemu halisi ikitajwa, takwimu ni zake.

## Misingi

1. Chakula cha nini, kama tayari kuna mbao, mawe na dhahabu?

Mbao na mawe huamua unajenga haraka kiasi gani. Chakula huamua jeshi lako linaweza kuwa kubwa kiasi gani, na litakaa hai kwa muda gani. Ni breki. Kama kwenye gemu yako chakula hakishiki breki, yaani kinakusanywa na kutumika sawasawa na mbao, kifute tu. Umemwongezea mchezaji kitufe, hujamwongezea uamuzi.

Kuna kazi ya pili. Mtu akimaliza ukuta hahitaji mawe tena mpaka ajenge kingine, lakini jeshi lina njaa hata saa nane usiku. Mahitaji yasiyosimama ndiyo yanayoweka soko wazi.

2. Chakula kilipwe mara moja askari anapozaliwa, au kiliwe kila saa?

Inategemea mechi inachukua muda gani. Katika Age of Empires II mechi huisha ndani ya saa moja au mbili, na chakula hulipwa mwanzoni: mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na huchukua sekunde 25. Kwa hiyo kituo cha mji, jengo linalozalisha wanakijiji, kisipopumzika kinahitaji chakula 120 kwa dakika, na wachezaji wazoefu huhesabu wakulima kama sita kukilisha. Njaa kule ni kituo kukaa bure. Hakuna anayekufa.

Kwenye gemu ya miezi, kama Travian, malipo ya mara moja hayatoshi. Mchezaji angelimbikiza jeshi kwa wiki sita bila gharama, halafu afute majirani kwa usiku mmoja. Pale kila askari anakula kila saa, awe anapigana au amelala.

Unaweza kutumia vyote viwili, ila bei ya kuzaliwa iwe ndogo. Ulaji ndio ubebe uzito.

3. Nianze na namba zipi?

Anza na tumbo, shamba litafuata. Amua kwanza mchezaji wa kawaida anaweza kukaa mbali na gemu kwa muda gani kabla jeshi lake halijaanza kufa, kisha rudi nyuma ukitafuta uzalishaji.

Chukua kijiji chenye mashamba yanayotoa nafaka 240 kwa saa. Kina watu 80, kila mmoja anakula 1, zinabaki 160. Askari wa miguu anakula 1, mpanda farasi na farasi wake wanakula 3. Ukiwa na askari 100 na wapanda farasi 30, jeshi linakula 190. Kijiji kinapungukiwa 30 kwa saa. Ghala likiwa na 1,200, litakauka baada ya saa 40.

Hizo saa 40 ndizo za kubishania kwenye timu yenu. Zikishuka chini ya 10, gemu inawaadhibu wanaolala na wanaokwenda kazini, na utabaki na wachezaji wasio na kazi. Zikizidi siku tano, hakuna anayeogopa njaa, kwa hiyo hakuna anayenunua nafaka. Kati ya saa 30 na 60 ni mahali pazuri pa kuanzia: anayeingia mara moja kwa siku anawahi kuona onyo, kuagiza msafara na kuupokea.

4. Mashamba yagawanywe sawa kwa wote?

Hapana. Vijiji vyote vikiwa na kila kitu kwa kiasi kilekile, kila mtu anajitosheleza na soko linabaki jengo la mapambo. Travian inaonyesha dawa yake vizuri: kijiji cha kawaida kina viwanja 18 vya uzalishaji, 6 vikiwa vya nafaka, lakini ramani ina vijiji vichache vyenye 9, na vichache zaidi vyenye 15. Kijiji cha 15 kinabakiwa na kiwanja kimoja kimoja cha mbao, udongo na chuma. Kinalisha jeshi kubwa kuliko vyote, na hakiwezi kujenga chochote cha maana bila kuletewa mali. Mwenye nacho ni tajiri na ni mteja kwa wakati mmoja.

## Hesabu za seva

5. Seva iongeze chakula cha kila kijiji kila sekunde?

Usifanye hivyo. Hifadhi vitu vitatu: kiasi cha mwisho, kasi kwa saa, na wakati kilipohesabiwa. Mchezaji akifungua kijiji, piga hesabu:

kiasi cha sasa = kiasi cha mwisho + kasi × sekunde zilizopita ÷ 3,600

Kisha kata kwenye ukomo wa ghala. Vijiji elfu hamsini vilivyolala havigharimu seva kitu.

Kasi ikiwa hasi, tafuta pia wakati wa kufika sifuri. Kwa kijiji chetu ni 1,200 × 3,600 ÷ 30, yaani sekunde 144,000, na tukio la njaa liwekwe kwenye foleni kwa saa hiyo. Hapa wengi huteleza. Mchezaji anapokea nafaka kwenye saa ya 39, tukio la zamani linabaki kwenye foleni, na saa ya 40 askari wanakufa ghala likiwa limejaa. Kufuta tukio la zamani hakutoshi, maana siku moja kufuta kutashindikana. Tukio lenyewe lipige hesabu upya kabla ya kumgusa askari yeyote.

Matukio ya kijiji kimoja yashughulikiwe kwa mpangilio wa wakati wake, na kila moja lipige hesabu mpaka saa yake, si mpaka sasa hivi. Msafara na njaa vikigongana kwenye sekunde ileile, msafara utangulie. Hakuna mchezaji atakayelalamika kwa hilo.

6. Mbona wanaofungua kijiji mara nyingi wanapata chakula pungufu (au cha ziada)?

Unakata desimali. Kasi ya 160 kwa saa ni karibu 0.44 kwa sekunde 10. Mchezaji anayefungua ukurasa kila sekunde 10 anapata 0.44, wewe unaikata iwe 0, halafu unasogeza wakati mbele. Akikaa hapo saa nzima ataondoka mikono mitupu. Ukikata kwenda juu ndiyo balaa zaidi: anapata 1 kila sekunde 10, yaani 360 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya haki yake, na siku hiyohiyo kuna mtu ataandika programu ya kumfungulia ukurasa.

Kusoma kusiandike. Hesabu kwa ajili ya kuonyesha tu, na andika kwenye kanzidata pale kitu kinapobadilika kweli: ujenzi, msafara, askari wapya. Unapoandika, hifadhi kiasi kwa vipande vya elfu (nafaka 1 ni vipande 1,000) kwa namba kamili, na masalio yasitupwe.

7. Chakula kioze?

Kuoza ni mbadala mzuri wa ukomo mgumu wa ghala. Kikioza asilimia 0.5 ya kilichopo kwa saa, kijiji chenye ziada ya 160 kinasimama chenyewe kwenye 32,000 (160 ÷ 0.005), na akiba isiyoongezwa inapungua nusu kwa karibu siku sita. Anayehodhi anaumia, anayeuza anapona.

Gharama yake ni kwamba hesabu ya swali la 5 haiwi mstari ulionyooka tena. Tumia kiwango cha kusimama (32,000), toa kiasi kilichopo, na tofauti hiyo ndiyo inayopungua kwa kipeo, yaani kwa asilimia ileile kila saa. Pia mweleze mchezaji kwa lugha ya kawaida: «Nafaka 61 zitaoza leo» inaeleweka, asilimia haieleweki.

## Njaa

8. Ghala likiisha, nini kitokee?

Kuua papo hapo ni rahisi kuandika na ni vigumu kusamehewa. Weka ngazi. Saa 6 za kwanza ghala likiwa sifuri, nguvu ya jeshi ishuke kwa robo na onyo liende kwenye simu. Baada ya hapo waanze kutoroka, kidogo kidogo, mpaka ulaji ulingane na uzalishaji. Kijiji chetu kinapungukiwa 30, kwa hiyo wakitoroka wapanda farasi 10 mambo yametulia. Kuua jeshi zima kwa upungufu wa 30 ni hitilafu, hata kama umeiita kanuni.

9. Nani atangulie kutoroka?

Mchezaji achague mpangilio mapema. Asipochagua, anayekula zaidi ndiye atangulie. Usipange kwa namba ya kumbukumbu kwenye kanzidata. Inatokea kuliko unavyofikiri, na matokeo yake ni kwamba askari wa kwanza kununuliwa, mara nyingi walinzi pekee wa kijiji, ndio wanaopotea daima.

10. Jeshi la msaada lililotumwa na rafiki lile kwa nani?

Katika Travian linakula ghala la mwenyeji. Ni sahihi kimantiki na linazaa siasa tamu: ukiomba msaada, uombe na nafaka. Lakini linafungua mlango wa hujuma. Mtu anakutumia askari 2,000 «kukulinda», wanamaliza ghala lako alfajiri, na wako wanatoroka pamoja nao.

Weka vizuizi viwili. Mwenyeji awe na kitufe cha kuwarudisha wageni bila idhini yao, na wageni watangulie kutoroka kabla ya wenyeji. Kufanya jeshi la msaada lile kwa mwenye jeshi kunaondoa hujuma, ila kunaua na ile misafara ya kulisha ngome iliyozingirwa, ambayo ndiyo sehemu ya gemu watu huisimulia miaka baadaye.

## Misafara

11. Kwa nini bidhaa zisifike papo hapo?

Bidhaa ikifika papo hapo, bei inakuwa moja ramani nzima na hakuna biashara, kuna kubadilishana tu. Umbali ndio unaofanya nafaka ya jirani kuwa na thamani kuliko ya mtu wa mbali.

12. Nipange vipi uwezo na kasi ya wafanyabiashara?

Usiviangalie kimoja kimoja. Kinachohesabika ni mzigo unaofika kwa saa, kwenda na kurudi kukiwemo. Travian ya kasi ya kawaida ina makabila matatu ya asili: mfanyabiashara wa Warumi hubeba 500 kwa kasi ya viwanja (miraba ya ramani) 16 kwa saa, wa Wagauli 750 kwa 24, wa Wateutoni 1,000 kwa 12. Kwa umbali wa viwanja 24, Mrumi anatumia saa 3 kwenda na kurudi (karibu 167 kwa saa), Mgauli saa 2 (375), Mteutoni saa 4 (250). Anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote siye anayefikisha mwingi.

Rudi sasa kwenye upungufu wa 30 kwa saa. Mrumi mmoja anautosheleza mara tano. Kama ndivyo kwenye gemu yako pia, njaa si tishio na misafara yako ni mikubwa mno. Punguza uwezo mpaka kulisha jeshi la vita kudai angalau theluthi ya wafanyabiashara wa mchezaji.

13. Misafara iporwe njiani?

Kama una wachezaji wachache na ramani ndogo, ndiyo, lakini iwe kwenye njia zinazoonekana na mtumaji aweze kulipia walinzi. Kama wachezaji wengi wako kwenye simu, na bando linaisha katikati ya safari, usithubutu.

14. Misimu inafaa, au inaleta usumbufu?

Inafaa ikibadilisha mwelekeo wa biashara. Msimu wa kupunguza mavuno kwa asilimia 20 kila mtu anavumilia tu. Mfano bora uko pwani yetu. Upepo wa kaskazi, karibu Desemba mpaka Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Upepo wa kusi uliyarudisha, na katikati ya kusi, karibu Juni na Julai, bahari ilichafuka na manahodha walikwepa kusafiri.

Kwenye gemu, mwezi mmoja ukiwa siku mbili za kawaida, mwaka ni siku 24. Wape wa kaskazini siku 8 za kushuka, siku 4 za kurudi mapema (Aprili na Mei), siku 4 bandari zimefungwa, kisha siku 4 nyingine za kurudi. Nahodha aliyechelewa kuuza anakwama bandarini na mabaharia wake, na mabaharia wanakula. Mwenye bandari anauza mtama kwa watu wasio na pa kwenda. Huhitaji kuandika kanuni nyingine yoyote ya bei. Upepo umeshaifanya kazi hiyo.

Onyesha kalenda wazi tangu siku ya kwanza. Msimu wa kushtukiza unaonekana kama hitilafu.

## Soko

15. Soko la aina gani?

La kubadilishana (natoa mbao 500, nataka nafaka 400) ni rahisi kuandika na linawakutanisha watu. Ubao wa oda, ambapo kila mtu anabandika bei yake ya kununua au kuuza na zinazolingana zinakutanishwa, unahitaji wachezaji wengi. Ukiwa na 300 tu, ubao utakuwa mtupu usiku kucha. Soko la seva lenye bei inayojiendesha liko wazi daima, lakini linaua majadiliano. Kwa seva ndogo tunapendekeza la kubadilishana, pamoja na soko la seva lenye bei mbaya kiasi kwamba mtu haendi huko ila ameshikwa na njaa.

16. Bei inayojiendesha inahesabiwaje?

Njia iliyo salama: soko lina akiba mbili, na jibu la kuzizidisha moja kwa nyingine lisibadilike. Likiwa na nafaka 10,000 na mbao 10,000, anayetaka nafaka 1,000 analipa mbao 1,111, kwa sababu 9,000 × 11,111 inakaribia milioni 100 ya mwanzo. Anayetaka 5,000 analipa mbao 10,000. Kununua kidogo kidogo hakumpi nafuu. Langua nusu ya soko kama una ubavu.

17. Wachezaji wamepata dhahabu isiyoisha sokoni. Imevuja wapi?

Karibu kila mara ni bei inayosogea kwa hatua, bila pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Bei ni 100. Ananunua kwa 100, bei inapanda hadi 103, anauza kwa 103, bei inarudi 100. Faida 3, rudia mpaka asubuhi.

Age of Empires II inatumia hatua hizohizo: kila muamala wa 100 unasogeza bei kwa 3, na bei ni moja kwa wachezaji wote wa mechi. Haivuji kwa sababu kuna ada ya asilimia 30 kila upande: mwanzoni unauza chakula 100 kwa dhahabu 70 na kununua kwa 130. Guilds, teknolojia ya kununua ndani ya gemu hiyo, inaishusha ada hadi 15.

Ada yako usiipime kwenye bei ya mwanzo. Kwenye bei ya 100, ada ya asilimia 1.5 inaziba tundu. Bei ikishuka hadi 20, hatua ya 3 ni kubwa ukilinganisha, na unahitaji takriban asilimia 7. Pima kwenye bei ya chini kabisa inayoruhusiwa, au achana na hatua na utumie njia ya swali la 16, ambayo haina tundu hilo.

18. Muungano mmoja umenunua nafaka yote. Tuingilie?

Hapana. Kuoza (swali la 7) na umbali vitawabana. Ingilia tu kama wapya hawawezi kula, na hao walindwe kwa ghala la siri lisiloporwa.

## Udanganyifu

19. Tunazuiaje akaunti za kulisha?

Mtu anafungua akaunti tano, nne zinalima na moja inapigana. Zuia ofa zinazozidi uwiano wa 1 kwa 2, na weka ukomo wa mali inayoweza kutoka akaunti ndogo kwenda kubwa, mathalani uzalishaji wa saa 8 wa mpokeaji kwa siku (1,920 kwa kijiji chetu).

Watahamia kuporwa kwa makusudi: akaunti ndogo inaacha ghala wazi bila mlinzi, kubwa inakuja kubeba kila jioni. Ngawira ihesabiwe kwenye daftari lilelile la jozi hiyo ya akaunti.

20. Tufunge akaunti zenye anwani moja ya intaneti?

Usifunge kwa sababu hiyo peke yake. Mitandao ya simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja, na ndugu wa nyumba moja hutumia waifai moja. Utafungia mtaa mzima. Tazama mtiririko: mali inayokwenda upande mmoja tu kwa wiki kadhaa ni ushahidi bora.

21. Msafara umetumwa mara mbili kwa kubonyeza mara moja. Kwa nini?

Mtandao ulisinzia, simu ikatuma ombi tena. Kila fomu ya kutuma iwe na namba yake ya pekee, na seva ikiona namba iliyokwisha kuitumikia irudishe jibu lilelile bila kutenda. Ofa ya soko nayo ishike bidhaa na wafanyabiashara kama amana pale inapowekwa, isisubiri kukubaliwa. Vinginevyo mtu atauza gunia moja kwa watu watatu. Muamala unaogusa vijiji viwili uvifunge (visiguswe na muamala mwingine) kwa mpangilio wa namba zao, ndogo kwanza, ili miamala miwili isikwamane ikingojeana.

## Hali za pembezoni

22. Msafara umefika, ghala limejaa.

Ziada irudi na msafara. Ikimwagika, adui atatumia zawadi ya taka kujaza ghala la mtu kabla msafara wake wa kweli haujafika.

23. Kijiji kimetekwa, au akaunti imefutwa, msafara ukiwa njiani.

Kijiji kilichotekwa kinapokea. Mali ni ya mmiliki mpya. Kijiji kilichofutwa kinarudisha mzigo kwa mtumaji. Mtumaji naye akiwa hayupo, mzigo uteketezwe na uandikwe kwenye leja, la sivyo jumla zako hazitalingana: kilichozalishwa, toa kilicholiwa, kilichooza na kilichoteketezwa, lazima kiwe sawa na kilicho ghalani, kilicho kwenye amana na kilicho njiani. Piga hesabu hiyo kila usiku. Isipolingana, kuna tundu.

24. Seva ilizima saa sita. Watu wamefiwa na majeshi wakiwa hawawezi kuingia.

Gemu isitumie saa ya ukutani moja kwa moja. Iwe na saa yake inayosimama seva inaposimama, na kila tukio, njaa na misafara pamoja, lipimwe kwa saa hiyo. Ikirudi hewani, iongezee saa mbili za neema ambazo misafara inatembea lakini hakuna anayetoroka. Kama tayari umetumia saa ya ukutani, sogeza mbele matukio yote ya foleni kwa muda uliopotea, pamoja na wakati wa hesabu ya mwisho wa kila kijiji. Wengi husogeza foleni na kusahau huo wa pili, na kijiji kinaamka kikiwa kimekula saa sita ambazo gemu inasema hazikuwapo.